Mafundi wa Kompaila

Chukua mstari mmoja mdogo kutoka programu ya hesabu za duka: jumla := bei * 3 + ada. Aliyeuandika ameshamaliza kazi yake. Anajua bei ni nini, anajua ada ni nini, na tangu shule ya msingi anajua kuwa kuzidisha hutangulia kujumlisha. Prosesa haijui lolote kati ya hayo. Inachoweza ni kuvuta namba kutoka anwani fulani ya kumbukumbu na kuiweka kwenye rejista, kuzidisha, kujumlisha, kurudisha jibu kwenye kumbukumbu, na kuruka kutoka agizo moja hadi jingine. Kompaila husoma mstari wa mwandishi na kuandika maagizo ya prosesa. Inatakiwa ifanye hivyo bila kupotosha maana, kwa kila programu itakayoandikwa na mtu yeyote, zikiwamo zile ambazo fundi aliyeiunda kompaila hatazipata kuziona maishani mwake.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma kompaila za watu, na jambo moja limenikaa. Ugumu wa kazi hii haupungui, unahamishwa. Yuko fundi anayeubeba wote yeye mwenyewe ili mwandishi wa programu apumzike. Yuko anayeurudisha nyuma mpaka kwenye lugha yenyewe, akaibuni lugha ili isimsumbue. Yuko anayeukatakata mpaka kila kipande kiwe chepesi, na yuko anayeukabili kwa hoja za hisabati, hatua kwa hatua, mpaka usimbakizie mwanya. Mimi nikifungua kompaila nisiyoijua, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni mahali ambapo ugumu umewekwa.

John Backus na wenzake wa IBM mjini New York walikuwa wa aina ya kwanza. Mwishoni mwa 1953 Backus alimwandikia mkuu wake barua fupi, akiomba ruhusa ya kutafuta namna ya kuandika programu kwa fomula badala ya maagizo ya mashine. Kompyuta iliyokusudiwa ilikuwa IBM 704, ambayo wakati huo ilikuwa bado inaundwa. Kila walipoulizwa watamaliza lini, walijibu kwamba baada ya miezi sita. Wakaendelea kujibu hivyo hadi Aprili 1957, kompaila ya Fortran, lugha yao hiyo ya fomula, ilipowafikia wateja.

Sababu ya kuchelewa kwao inastahili kuelezwa, maana ndiyo iliyoipa kazi yao sura. Kompyuta nyingi za kabla ya hapo hazikuwa na vifaa vya kukokotoa namba zenye desimali. Kazi hiyo ilifanywa na programu ndogondogo za pembeni, nazo zilikula muda mwingi mno, hata uzembe mwingine wowote ukajificha humo bila kuonekana. IBM 704 ilizikokotoa namba hizo kwa vifaa vyake yenyewe, tena ikawa na rejista maalumu za kufuatilia nafasi ndani ya safu za namba. Maficho yakaondoka. Tangu hapo kila agizo la ziada lingeonekana, na waandishi wa programu wa wakati ule, waliokuwa wakijivunia kubana maagizo kwa mikono yao, wasingekubali mashine iwaandikie kitu kinachokwenda nusu ya kasi yao. Backus alilielewa hilo mapema. Kompaila ya kwanza kubwa duniani ililazimika kuwa hodari tangu siku yake ya kwanza, na haikupewa nafasi ya kuanza kwa kubahatisha.

Tazama walivyolitatua tatizo la mstari wetu wa duka. Wakati huo hapakuwa na nadharia ya uchanganuzi wa sarufi za lugha za kompyuta. Wao wakabuni hila ya mabano. Kila alama ya kujumlisha izungushie mabano mawili kila upande, yakiitazama kwa migongo: ))+((. Kila alama ya kuzidisha izungushie moja moja: )*(. Mwanzoni mwa fomula weka mabano mawili ya kufungua, mwishoni mawili ya kufunga. Fomula bei * 3 + ada inageuka kuwa ((bei)*(3))+((ada)). Ukiyafuata mabano kwa kidole utaona kwamba bei na 3 zimefungiwa pamoja, na ada imebaki peke yake nje, kama ilivyotakiwa. Hakuna aliyeiambia mashine kuwa kuzidisha kuna nguvu zaidi. Idadi ya mabano imesema. Kila ninapoirudia hila hii nafurahi upya, kwa sababu ilitoka kwa watu waliokuwa gizani na bado wakapata njia iliyonyooka.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa mbele. IBM 704 ilikuwa na rejista tatu tu za kufuatilia nafasi ndani ya safu. Wale walioshughulikia vitanzi, Robert Nelson na Irving Ziller, waliruhusiwa kuandika maagizo yao kana kwamba rejista hizo hazina idadi. Wangetumia kumi, ishirini, kadiri walivyohitaji. Kisha Lois Haibt akaandika sehemu iliyoigawa programu katika vipande visivyo na mruko ndani yake, ikaiendesha kwa kubahatisha mara nyingi kama mtu anayerusha dadu, ili kukadiria ni vipande vipi vitapitiwa mara nyingi zaidi. Makadirio hayo yakamfikia Sheldon Best, ambaye sehemu yake ilizipunguza zile rejista zisizo na idadi mpaka tatu zilizopo, ikihakikisha kwamba panapopitiwa sana ndipo panapopata rejista kwanza. Mgawanyo huu wa kazi, wa kujifanya kwanza kwamba kuna wingi na kukabili uhaba baadaye, umo hadi leo katika kompaila karibu zote zinazojali kasi.

Backus alisimulia baadaye kwamba wao wenyewe walistaajabia maagizo yaliyotoka. Kompaila ilihamisha mahesabu na kuyapanga upya kwa namna ambayo mwanzoni ilionekana ni kosa, mpaka mtu akae na kuifuatilia ndipo agundue kuwa iko sawa. Na walikuwa wakifanya kazi hii usiku. Walikodi vyumba hotelini karibu na ofisi, wakalala kidogo mchana, kwa kuwa usiku ndipo kompyuta ilipopatikana.

Mwaka huohuo wa 1957 Frances Allen aliingia IBM, akapewa kazi ya kuwafundisha Fortran wanasayansi wasioitaka. Ili afundishe vizuri alikwenda kuisoma kompaila yenyewe. Aliyoyakuta humo aliyafanyia kazi maisha yake yote: makala zake za 1966 na 1970 ziliugeuza uchambuzi wa mtiririko wa programu kuwa elimu yenye kanuni zinazofundishika, na mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Turing. Ufundi ulitangulia, nadharia ikafuata, na njia ya kutoka kimoja hadi kingine ilikuwa mtu mmoja aliyesoma kazi ya wenzake kwa makini.

Niklaus Wirth alikwenda upande mwingine kabisa, naye ndiye ninayemrudia zaidi. Alikuwa profesa katika ETH, chuo kikuu cha ufundi cha Zürich, Uswisi. Lugha yake ya Pascal, iliyotoka 1970, ilibuniwa na mtu aliyekuwa akiifikiria kompaila tangu mwanzo. Wirth alitaka kompaila iipitie programu mara moja tu, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, ikiandika maagizo kadiri inavyosoma, bila kurudi nyuma na bila kujenga mti wa sentensi kwenye kumbukumbu. Ili hilo liwezekane, lugha ilipaswa kuwa na tabia njema: kila jina litangazwe kabla ya kutumiwa, na mahali popote neno moja linalofuata litoshe kuamua sentensi ni ya aina gani.

Kompaila ya namna hii huandikwa kwa taratibu zinazoitana. Kwa fomula zinatosha tatu. Ya kwanza husoma vitu vinavyounganishwa kwa kujumlisha na kutoa. Ya pili husoma vinavyounganishwa kwa kuzidisha na kugawanya. Ya tatu husoma kitu kimoja tu: namba, jina, au bano la kufungua. Ya kwanza inaanza kwa kuiita ya pili, na ya pili inaanza kwa kuiita ya tatu. Ya tatu ikikutana na bano la kufungua, inaiita ya kwanza upya, kisha inadai bano la kufunga. Hayo tu. Nguvu ya kuzidisha juu ya kujumlisha haikuandikwa popote; inatokana na nani anamwita nani. Ukiipa bei * 3 + ada, utaratibu wa pili utaichukua bei * 3 yote kabla ya kurudi kwa wa kwanza, ambao ndio unaoijua alama ya kujumlisha. Sarufi ya lugha na programu inayoisoma zina umbo moja, kiasi kwamba ukiishika moja mkononi unaweza kuiandika nyingine.

Ukiendelea kusoma unakutana na ustadi usioonekana mara ya kwanza. Utaratibu wa tatu ukiiona 3, hauandiki agizo la kuivuta 3 kwenye rejista. Unarudisha kijikaratasi tu kinachosema: hii ni namba thabiti, thamani yake tatu. Ukiiona bei, unarudisha kijikaratasi kingine: hiki ni kigeu, anwani yake fulani. Agizo linaandikwa pale tu tendo linapolihitaji kweli. Kama mwandishi angeandika 3 * 4, utaratibu wa pili ungekuwa na vijikaratasi viwili vya namba thabiti mkononi. Ungezidisha papo hapo na kurudisha kimoja chenye 12, na prosesa isingesumbuliwa kabisa. Huo ni uboreshaji ambao wengine huutengea pito zima baada ya kujenga mti wa programu. Kwa Wirth umepatikana kwa kuchelewesha uamuzi kidogo.

Mruko una shida yake. Kompaila ikikutana na sharti, inabidi iandike agizo la kusema kwamba sharti lisipotimia ruka hadi mwisho wa kipande hiki. Lakini mwisho haujulikani, maana kipande chenyewe bado hakijasomwa. Kwa hiyo inaandika mruko wenye anwani tupu na kuendelea, kama mwashi anayeacha matundu ukutani kwa ajili ya boriti ambazo bado ziko kwa seremala. Ikifika mwisho inarudi kulijaza tundu. Ila sharti lenye matawi mengi huacha matundu mengi yanayongoja mwisho uleule, na ni lazima yakumbukwe yote. Yatunzwe wapi? Wirth aliyatunza ndani ya matundu yenyewe. Nafasi tupu ya mruko wa pili inawekwa anwani ya mruko wa kwanza, ya mruko wa tatu inawekwa anwani ya wa pili, na kompaila inakumbuka wa mwisho tu. Mwisho wa kipande ukifika, inaufuata mnyororo huo kinyumenyume, ikijaza kila nafasi anwani ya kweli na kuufuta mnyororo inavyokwenda. Hakuna orodha ya pembeni, hakuna kumbukumbu ya ziada. Utupu uliokuwa ukingoja kujazwa umetumika kushikilia kumbukumbu yake wenyewe.

Jaribio la kwanza la kuiandika kompaila ya Pascal lilifanywa kwa Fortran na likashindikana, kwa kuwa Fortran ya wakati ule haikuwa na namna nzuri ya kupanga data ambayo kompaila inahitaji. Katika jaribio la pili, Wirth na wasaidizi wake waliiandika kwa Pascal yenyewe, lugha ambayo hakuna mashine duniani iliyokuwa ikiielewa. Kisha msaidizi mmoja akajifungia nyumbani kwa wiki mbili, akaitafsiri programu yote kwa mkono hadi lugha ya chini iliyokuwapo kwenye kompyuta yao ya CDC. Tafsiri hiyo ilipokubali kwenda, wakailisha kompaila ya asili iliyoandikwa kwa Pascal, ikajitafsiri yenyewe, na zile kurasa za wiki mbili hazikuhitajika tena.

Huko MIT, Tim Hart na Mike Levin walikuwa wamelifikia jambo hilohilo mwaka 1962 kwa njia laini zaidi. Lugha waliyoitumia, Lisp, ilikuwa tayari na programu inayotekeleza Lisp moja kwa moja bila kuikompaili kwanza. Waliandika kompaila ya Lisp kwa Lisp, wakaiendesha humo polepole, na kitu walichoipa ikompaili kikawa ni kompaila yenyewe. Njia zote mbili zimeendelea kutumika. Kompaila ya kwanza ya lugha ya Rust iliandikwa kwa OCaml mpaka Rust ilipoweza kujitegemea; ile ya Go ilihamishwa kutoka C hadi Go katika toleo la 1.5, mwaka 2015.

Kompaila inayojikompaili ilimpa Wirth kipimo ambacho sijaona kingine kilicho kikali na cha haki kama hicho. Mwanafunzi wake Michael Franz ameeleza jinsi kilivyofanya kazi. Uboreshaji wowote unaoongezwa kwenye kompaila unaifanya iwe ndefu, kwa hiyo unaongeza muda wa kujikompaili. Uboreshaji huohuo ukiwa na faida, kompaila nayo inafaidika, kwa kuwa ni programu kama programu nyingine, na muda unarudi. Usiporudi, uboreshaji unaondolewa. Kwa kipimo hicho muundo mzuri wa mti uliokuwa ukitunza majina ya vigeu ulitupwa, na mahali pake pakawekwa orodha ya kawaida inayosomwa toka mwanzo hadi mwisho, maana katika programu halisi orodha za majina ni fupi na mti haukulipa gharama yake.

Njia hii ya kuipitia programu mara moja ina bei, na Wirth hakuificha. Taratibu mbili zinazoitana hulazimu tangazo la mapema. Maagizo yanayotoka si ya kasi kama yale ya kompaila kubwa, kwa sababu anayesoma mara moja hawezi kujua yaliyo mbele. Wapo waliozidharau kompaila zake kwa sababu hiyo. Mimi naona hawakuuliza swali sahihi. Mwaka 2013, akikaribia umri wa miaka 80, Wirth aliiandika upya kompaila ya Oberon, lugha yake ya baadaye, kwa ajili ya prosesa ambayo pia aliibuni yeye mwenyewe, na mtu mmoja mwenye subira anaweza kukaa na kitabu chake akaielewa yote, kuanzia herufi inayosomwa hadi agizo linalotekelezwa. Sijui kazi nyingine ya uhandisi wa kompyuta inayomfungulia msomaji wake kiasi hicho.

Wakati Wirth akiandika kwa mkono, wengine waliona kwamba kuandika kichanganuzi, yaani sehemu ya kompaila inayosoma programu kwa kufuata sarufi, ni kazi inayojirudia na ingefaa mashine ipewe. Donald Knuth alionyesha mwaka 1965 jinsi sarufi inavyoweza kugeuzwa kuwa jedwali, na jedwali hilo likasoma programu kutoka kushoto kwenda kulia bila kubahatisha. Stephen Johnson wa Bell Labs akaifanya nadharia hiyo kuwa chombo, Yacc, katika miaka ya 1970. Unaandika sarufi, chombo kinakuandikia kichanganuzi. Zaidi ya hapo, sarufi ikiwa na utata, sentensi moja ikisomeka kwa njia mbili, chombo kinakuonya kabla mtumiaji yeyote hajaumia. Kichanganuzi cha mkono hakikuonyi hata kidogo. Kitachagua njia mojawapo kimyakimya.

Hata hivyo kompaila kubwa zimerudi kwenye mkono. GCC iliacha kichanganuzi cha C++ kilichotengenezwa na Bison, mrithi wa Yacc, katika toleo la 3.4 mwaka 2004, na cha C katika toleo la 4.1 mwaka 2006. Sababu mojawapo iko kwenye lugha yenyewe. Katika C, mstari a * b unaweza kumaanisha zidisha a kwa b, au unaweza kumaanisha tangaza b kuwa kielekezi cha kitu cha aina ya a. Sarufi peke yake haiwezi kuamua; ni lazima kujua kama a lilitangazwa kuwa kigeu au jina la aina. Sababu nyingine ni ujumbe wa makosa. Jedwali linajua kwamba neno hili halikutarajiwa hapa. Mtu aliyeandika utaratibu kwa mkono anajua mwandishi alikuwa akijaribu kufanya nini, na anaweza kumwambia.

Kuhusu uti wa mgongo wa kompaila za leo nitasema kwa ufupi, kwa kuwa umeshaandikwa sana. Chris Lattner alianza LLVM katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, akiwa na Vikram Adve. Kiini chake ni lugha ya kati iliyoandikwa vizuri na kuelezwa hadharani. Lugha kumi na prosesa kumi zingehitaji kompaila mia. Zikikutana katikati, zinahitaji vipande ishirini. Humo katikati kila jina hupewa thamani mara moja tu na halibadiliki tena, mpango uliotoka kwa watafiti wa IBM mwishoni mwa miaka ya 1980. Swali la thamani hii imetoka wapi, lililokuwa likihitaji uchambuzi mrefu, linajibiwa kwa kutazama mahali pamoja.

Fundi anayevutia mkono wangu zaidi ya wote ni yule aliyefikiria wanafunzi. Mwaka 2006 Abdulaziz Ghuloum, akiwa Chuo Kikuu cha Indiana, alichapisha makala kuhusu kujenga kompaila kwa hatua ndogo 24. Vitabu vingi vilifundisha kompaila kwa sehemu: miezi ya usomaji wa alama, miezi ya sarufi, na mwanafunzi anaweza kumaliza muhula bila kuona programu hata moja ikitekelezwa. Ghuloum aligeuza mpango. Hatua ya kwanza ni kompaila kamili ya lugha isiyo na kitu kingine ila namba nzima: inasoma namba, inatoa maagizo ya prosesa yanayoirudisha namba hiyo. Ukitaka kujua maagizo hayo yanaonekanaje, andika programu fupi ya C inayorudisha namba, uiombe kompaila ya C ikuonyeshe ilichokiandika, kisha uiige. Baadaye zinaongezwa thamani za kweli na uongo, halafu hesabu, halafu vigeu, na kuendelea, na kila siku unapofunga kazi una kompaila inayokwenda. Nimefuata njia hiyo. Woga unaoizunguka kazi hii uliyeyuka kwa maagizo mawili ya mashine yaliyorudisha namba niliyoitaka.

Chuoni humohumo, Kent Dybvig na wenzake walikuwa wameupeleka udogo upande wa pili. Badala ya kompaila yenye mapito machache mazito, waliijenga kwa mapito mengi madogo, kila moja likifanya jambo moja: hili linaondoa aina moja ya sentensi, lile linayapa vigeu majina yasiyogongana. Kati ya kila pito na linalofuata kuna sarufi iliyoandikwa rasmi inayosema nini kimebaki kwenye lugha, na chombo kinahakikisha kwamba hakuna aliyeikiuka. Wengi walidhani mpango huo ni wa darasani tu, utakwama kwenye kazi halisi. Andy Keep na Dybvig wakaiandika upya kompaila ya Chez Scheme, bidhaa iliyokuwa ikiuzwa, ikawa na mapito karibu 50 mahali pa matano ya zamani, na maagizo iliyotoa yakawa ya kasi zaidi kuliko ya awali. Mtu anayetaka kurekebisha jambo anafungua pito moja fupi na kulisoma lote kabla chai haijapoa.

Mapito madogo yenye lugha za kati zilizoelezwa kikamilifu yana faida nyingine: yanaweza kuthibitishwa. Xavier Leroy wa Inria, Ufaransa, alianza katikati ya miaka ya 2000 kuunda CompCert, kompaila ya C iliyoandikwa pamoja na uthibitisho wa hisabati kwamba maagizo yanayotoka yana maana ileile ya programu iliyoingia. Uthibitisho haukuandikwa kwa karatasi. Uliandikwa ndani ya Coq, programu inayokagua kila hatua ya hoja na kukataa inayoruka. Sehemu kubwa ya maandishi ya CompCert si kompaila, ni hoja. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha matokeo ya kuzilisha kompaila za C programu zilizotungwa na mashine kwa kubahatisha. Walikuwa wamegundua hitilafu zaidi ya 325 ambazo hazikujulikana, zikiwamo za GCC na LLVM. Katika sehemu za CompCert zilizothibitishwa hawakupata hata mahali pamoja ambapo kompaila ilitoa maagizo yasiyo sahihi. Zilizopatikana zilikuwa kwenye sehemu ambazo uthibitisho haukuzifikia.

Kinachonifanya nimheshimu Leroy zaidi ni alivyojua wapi asithibitishe. Kugawa rejista, kazi ileile ya Sheldon Best, hufanywa leo kwa mbinu ngumu ambazo kuzithibitisha ni adha. Leroy aliziacha bila uthibitisho. Akaandika mkaguzi mdogo anayetazama mgawanyo uliokwisha kufanywa na kuamua kama ni halali, akamthibitisha mkaguzi huyo. Mgawaji akikosea, mkaguzi anaukataa mgawanyo na kompaila inasimama. Hakuna agizo baya linalotoka. Kuhakiki jibu ni rahisi kuliko kulitafuta, na hapo ndipo alipouweka ugumu.

Mwaka 2012 Jacques-Henri Jourdan, François Pottier na Leroy waliupeleka mpango huohuo kwenye uchanganuzi, uliokuwa nje ya uthibitisho. Jedwali la aina ya Knuth linatengenezwa na Menhir, chombo cha Pottier, ambacho hakijathibitishwa. Mkaguzi aliyethibitishwa ndani ya Coq analipima jedwali dhidi ya sarufi, na akilikubali, kuna hakika kwamba kichanganuzi kinakubali sentensi za sarufi ile na si nyingine. Ule mstari wa a * b haukuacha kusumbua. Kwa ajili yake waliweka kipande kinachotangulia, kinachopitia programu na kuyatenga majina ya aina na majina ya vigeu kabla kichanganuzi hakijaanza kazi. Kipande hicho hakimo ndani ya uthibitisho, nao wakalisema hilo wazi kwenye makala yao.